Wahungaria na Lugha Yao

Wengi wetu tukisikia habari za Hungaria hukumbuka mwaka 1956 tu, vijana wa Budapest walipopigana na vifaru vya Kisovieti. Ushujaa ule wastahili kukumbukwa. Lakini mimi naona kwamba asomaye historia ya watu hao kwa vita vyao peke yake hupitwa na jambo kubwa zaidi, nalo ni lugha.

Wahungaria, ambao wenyewe hujiita Magyar, waliingia katika bonde la mto Danube yapata mwaka 895, wakiongozwa na Árpád. Walitoka mashariki juu ya farasi. Lugha yao haina udugu na Kijerumani, wala na lugha za Waslavi majirani zao. Jamaa zake wa karibu wako Siberia, na kwa mbali ni Kifini. Hata hivyo, kwa karne nyingi sheria za nchi ziliandikwa kwa Kilatini. Waturuki waliwashinda huko Mohács mwaka 1526, wakashika Buda tangu 1541 hata 1686. Kisha wakatawala wafalme wa Vienna. Mwaka 1784 mmoja wao, Joseph wa Pili, akaamuru Kijerumani kiwe lugha ya serikali.

Amri ile iliwaamsha. Ferenc Kazinczy, aliyefungwa gerezani tangu 1794 hata 1801 kwa ajili ya siasa, alipotoka hakushika bunduki. Alishika kalamu. Yeye na wenzake walitunga maneno mapya kwa maelfu, ili elimu iweze kusemwa kwa Kihungaria. Wako waliowacheka, kama wanavyochekwa watunga maneno kila mahali. Mwaka 1825 bwana mkubwa mmoja, István Széchenyi, aliahidi mapato yote ya mashamba yake ya mwaka mzima ili ianzishwe Akademia. Na mwaka 1844 Kihungaria kikawa lugha ya sheria na serikali.

Laiti habari ingaliishia hapo! Baada ya mapatano na Austria ya mwaka 1867, Wahungaria walijitawala mambo ya ndani, hali wao wenyewe walikuwa kama nusu tu ya raia. Waliobaki walikuwa Waslovaki, Waromania, Waserbia na wengineo. Chama cha utamaduni cha Waslovaki kilifungwa mwaka 1875. Sheria ya 1879 ikalazimisha Kihungaria katika kila shule ya msingi, na ile ya 1907 ikazidi kukaza: mtoto wa Kiromania, amalizapo mwaka wa nne, sharti aweze kujieleza kwa Kihungaria.

Mwaka 1920, kwa mkataba wa Trianon, Hungaria ilipoteza theluthi mbili ya ardhi yake. Wako wasemao kwamba hayo yalikuwa ukatili wa washindi tu. Ukatili ulikuwapo, sikatai, maana Wahungaria zaidi ya milioni tatu waliachwa nje ya mipaka. Lakini Waslovaki na Waromania hawakulilia kuondoka, nami nadhani sababu mojawapo ilianzia darasani.