Dalili Zilionekana, Bunduki Zikabaki

Kila mara watu wengi wanapouawa kwa risasi mahali pamoja huko Marekani, mjadala ule ule huanza upya kabla hata marehemu hawajazikwa. Upande mmoja husema tatizo ni bunduki: zipo nyingi mno na hupatikana kwa urahisi mno. Upande wa pili husema tatizo ni mtu: akili yake iliugua au moyo wake uliharibika, na bunduki ni chombo tu. Baada ya majuma machache pande zote mbili huchoka, hunyamaza, na kungoja msiba mwingine. Sisi tunaona kwamba mjadala huo umewekwa vibaya tangu mwanzo. Ili kulionyesha hilo, tumeona heri kutazama kisa kimoja kwa makini kuliko kupita juu juu ya visa vingi.

Kisa chenyewe ni cha Lewiston, katika jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya nchi hiyo. Baadhi ya wasomaji wetu wanaujua mji huo, maana tangu mwaka 2001 umepokea maelfu ya Wasomali, na baadaye watu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wapo humo wanaozungumza Kiswahili. Jioni ya tarehe 25 Oktoba 2023, askari wa akiba wa jeshi la nchi kavu aliingia katika ukumbi wa mchezo wa bolingi, kisha katika baa, akaua watu 18 na kujeruhi wengine 13. Wanne kati ya waliokufa walikuwa viziwi, waliokutana pale na wenzao kwa mchezo na mazungumzo. Wakazi walijifungia majumbani kwa siku mbili, mpaka muuaji alipokutwa amejiua. Jina lake hatutaliandika. Limekwisha kuandikwa vya kutosha.

Linalotusumbua ni kwamba mtu huyo alikuwa ameonekana. Mwezi Mei 2023, mwanawe na mama wa kijana huyo walimweleza askari polisi kwamba baba alikuwa akisikia watu wakimsema vibaya, watu ambao hawakuwapo, na kwamba alikuwa amechukua bunduki nyingi kutoka nyumbani kwa ndugu yake. Mwezi Julai, akiwa mazoezini katika jimbo la New York, wakubwa wake wa kijeshi walimwona amebadilika kiasi cha kumpeleka hospitali, akalazwa kwa zaidi ya majuma mawili. Mwezi Agosti alikwenda dukani kuchukua kifaa cha kuzuia mlio wa risasi. Katika fomu kulikuwa na swali kama amewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili. Akajibu ndiyo, na mwenye duka akakataa kumpa. Tunaomba msomaji alitafakari jambo hilo kidogo: mfanyabiashara, kwa karatasi moja tu, alifanya kile ambacho jeshi na polisi hawakukifanya. Lakini bunduki zilizokuwa tayari nyumbani kwa mtu yule hazikuguswa.

Mwezi Septemba askari mwenzake, rafiki yake wa miaka mingi, alimwandikia mkubwa wao kwamba anaamini mwenziwe atavunjika na kuua watu wengi. Lilikuwa onyo lisilo na fumbo lolote. Askari wa ofisi ya sherifu alikwenda mara mbili nyumbani kwa mtu huyo, akabisha hodi, hakufunguliwa. Ikakubaliwa kwamba jamaa wa familia watazitafutia bunduki mahali salama. Tangazo lililokuwa limepelekwa kwa vituo vya polisi vya jimbo zima kumhusu likafutwa tarehe 18 Oktoba. Siku saba baadaye watu 18 walikuwa wamekufa.

Tume huru iliyoongozwa na Daniel Wathen, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Maine, ilitoa taarifa yake ya mwisho mwezi Agosti 2024. Ilisema bayana kwamba ofisi ya sherifu ilikuwa na sababu za kutosha kumshika mtu yule na kuanza utaratibu wa kumwondolea silaha, na kwamba kuiachia familia kazi hiyo kulikuwa kuukimbia wajibu. Wakubwa wake wa kijeshi nao walilaumiwa. Utaratibu huo ulikuwapo katika sheria ya jimbo tangu mwaka 2020, nao huitwa sheria ya bendera ya manjano. Polisi humshika kwanza anayeonekana kuwa hatari, mganga humpima, kisha hakimu huamua kama silaha zake zichukuliwe kwa muda. Ndugu wa mtu hana mlango wake mwenyewe katika sheria hiyo. Hana budi kupitia kwa polisi. Kabla ya msiba, sheria hiyo ilikuwa imetumika chini ya mara 100 katika jimbo zima. Baada yake ikatumika mamia ya mara. Watu ndio waliokuwa wameshtuka.

Ndiyo maana hatuwezi kukubaliana na wanaosema kwamba dawa ni kuzijua dalili tu. Kuzijua kulikuwapo. Mtoto alijua, mama alijua, rafiki alijua, daktari alijua. Katika shule ya Oxford, jimboni Michigan, tarehe 30 Novemba 2021, mwalimu aliona mchoro wa bunduki na maneno ya kukata tamaa katika karatasi ya hesabu ya mwanafunzi. Wazazi waliitwa asubuhi hiyo hiyo, nao hawakumchukua kijana nyumbani. Wakuu wa shule wakamrudisha darasani bila kuufungua mkoba wake, na bastola, ambayo baba alikuwa ameinunua siku nne kabla, ilikuwa ndani ya mkoba huo. Wanafunzi wanne waliuawa. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja katika kesi yake, walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Watu wazima walikaa chumba kimoja na dalili pamoja na silaha, wakaagana.

Wala hatuungani na wanaodhani sheria ikiisha kuandikwa kazi imekwisha. Jimbo la Minnesota lilikuwa na sheria kali zaidi, ya bendera nyekundu, tangu Januari 2024. Haikuzuia watoto wawili, wa miaka 8 na 10, kuuawa kwa risasi wakiwa katika Misa ya shule, kanisa la Annunciation, Minneapolis, tarehe 27 Agosti 2025.

Wenye kuzipinga sheria hizi wana hoja moja tunayoiheshimu. Kumnyang'anya mtu mali yake kwa neno la jirani ni jambo zito, na katika Marekani haki ya kumiliki silaha imo ndani ya Katiba tangu mwaka 1791. Mtu aweza kusingiziwa na mke waliyegombana, au na ndugu wanaogombea urithi. Basi hakimu awepo, mtuhumiwa asikilizwe mapema, na amri iwe na mwisho wake. Hata Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo si adui wa wenye bunduki, iliamua mwezi Juni 2024, kwa majaji 8 dhidi ya mmoja, kwamba mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio kwa usalama wa mwingine aweza kunyimwa silaha kwa muda.

Hoja ya pili, kwamba bunduki haziwezi kupunguzwa kwa kuwa ni nyingi, hatuioni kuwa hoja. Mwaka 2018 zilikadiriwa kuwa milioni 393 mikononi mwa raia, kupita idadi ya watu. Lakini hakuna anayehitaji kuzikusanya zote ili aiondoe moja katika nyumba moja kwa mwezi mmoja. Tena tusisahau kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki nchini humo hujiua wenyewe. Mtu aliyekata tamaa usiku akikosa bunduki karibu, mara nyingi huiona asubuhi. Hao hawatangazwi, nao ndio wengi.

Tunatoa tahadhari moja kuhusu wagonjwa wa akili. Walio wengi hawamdhuru yeyote. Mara nyingi zaidi wao ndio hudhuriwa. Mtu wa Lewiston hakuwa wa kuogopwa kwa sababu alilazwa. Hatari ilikuwa katika vitisho vyake, ghadhabu iliyokuwa ikiongezeka, na silaha zilizokuwa karibu, vyote kwa pamoja.

Tarehe 4 Novemba 2025 wapiga kura wa Maine waliikubali sheria ya bendera nyekundu, ingawa Gavana Janet Mills aliipinga akisema ile ya manjano inatosha na kwamba wajibu ubaki kwa polisi. Kwa uamuzi huo ndugu wa familia apewa njia ya kwenda mahakamani mwenyewe. Sisi tunaona wapiga kura walifanya vema, kwa sababu mtoto na mama wa mwezi Mei walikwenda mahali pekee walipopajua, wakaambulia ahadi.

Lakini kwa ndugu zetu wanaoishi huko kuna jambo zaidi. Wengi walitoka katika nchi ambamo kumtaja jirani mbele ya mwenye bunduki kulikuwa kumchongea, na aliyetajwa hakuonekana tena. Kwao, kwenda kwa polisi kumsema kijana wa nyumbani ni kama kumtoa auawe. Woga huo hautaondolewa kwa karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa ukutani. Wanaowahudumia wahamiaji wa Lewiston na Portland, parokia zikiwamo, waieleze sheria hii kwa Kiswahili, Kisomali, Kifaransa na Lingala: ni nani awezaye kwenda kwa hakimu, apeleke maelezo gani, mtuhumiwa atasikilizwa lini, na kwamba kinachoombwa ni silaha iondolewe, kijana asifungwe. Na yafanyike mapema, kabla mama yeyote hajalazimika kuuliza.