Kosa la kiwandani lina bei, kovu la mtaani halina

MUUZA nyanya wa soko la Kilombero, kondakta wa daladala ya Ngaramtoni na mwenye duka la rejareja pale Tengeru wana jambo moja la pamoja: mamia ya sarafu hupita mikononi mwao bila kutazamwa mara ya pili. Shilingi 50 yenye kifaru na mwanawe, 100 yenye swala, 200 yenye simba wawili na 500 yenye nyati huhesabiwa, hutiwa mfukoni na kutolewa tena kama chenji.

Hata hivyo, uvumi kwamba sarafu "yenye kosa" huuzwa nje kwa mamilioni unaweza kumshawishi mwenye mtaji mdogo atoe shilingi 20,000 kwa sarafu ya shilingi 100. Uvumi huo una ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayokula mitaji.

Ukweli wenyewe ni kwamba soko la sarafu zenye makosa lipo, lina wanunuzi na lina bei. Lakini soko hilo hulipia kosa lililotokea kiwandani tu. Sarafu iliyopondwa na gari, kuunguzwa jikoni au kuchubuliwa kwa tindikali ina thamani iliyoandikwa juu yake, basi.

Vitu vitatu vya kujua

Sarafu huzaliwa kwa vitu vitatu: kisahani cha madini kisicho na alama, mihuri miwili ya chuma kigumu inayokigonga juu na chini, na pete inayokibana ubavuni kisitanuke. Kosa la kweli hutokana na kimojawapo. Muuzaji asiyeweza kueleza ni kipi, hana bidhaa.

Kwanza, kisahani. Mashine ikikata bamba mahali palipokwisha kukatwa, kisahani hutoka na pengo la mviringo mithili ya chapati iliyomegwa. Pengo la kweli huacha shahidi: ukingo wa upande unaolikabili huwa hafifu, kwa sababu kisahani hakikubanwa sawasawa kilipokuwa kikiinuliwa ukingo. Pengo la tupa huacha ukingo wa pili ukiwa mzima.

Pili, mhuri. Mhuri ukipasuka, madini hujaa ndani ya ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa mtaani huzama. Pitisha ukucha: mstari ukiwa juu, endelea kutazama, ukiwa chini, irudishe kwenye chenji.

Maandishi yaliyojirudia yanahitaji uangalifu zaidi. Mhuri uliochongwa mara mbili kwa kupishana hutoa herufi mbili kamili, zote zimeinuka na ncha zake zimegawanyika. Mashine iliyotikisika wakati wa kugonga hutoa kivuli bapa kama kidaraja kando ya herufi. Aina ya kwanza hutafutwa na wakusanyaji; ya pili ni ya kawaida mno na haiongezi kitu.

Aidha, mihuri miwili huweza kupishana kwa kuzunguka. Shika shilingi 200, kidole kimoja juu ya kichwa cha Karume na kingine chini, kisha izungushe kama mlango. Simba wakikaa tofauti na walivyokaa kwenye sarafu nyingine kumi za aina hiyo, hapo pana jambo.

Tatu, pete. Kisahani kikikaa nje ya pete, picha huangukia pembeni na sehemu ya sarafu hubaki tupu. Kadiri picha ilivyohama, ndivyo bei inavyopanda, hasa mwaka ukiwa bado unasomeka.

Somo la Tabora

Mfano bora wa tofauti za mihuri uko hapa hapa nchini. Machi 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Arusha, na Boma la Wajerumani, ambalo leo ni makumbusho ya elimu viumbe, likabadili wenyewe. Mwaka huo huo Wajerumani, wakiwa wamefungiwa njia za bahari, walikuwa wakifua sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli karibu na Tabora. Neno "hela" linalotamkwa kila siku sokoni ni urithi wa sarafu yao, Heller.

Hela 20 ya Tabora ya mwaka 1916, yenye herufi T, ilifuliwa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano, kwa mihuri iliyochongwa katika mazingira ya vita. Ndiyo maana ipo yenye taji kubwa na yenye taji dogo, na upande wa pili herufi L za neno HELLER hutofautiana ncha. Rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo, ilifuliwa vipande 16,198 tu. Katika hivyo, baadhi vina pambo la kulia linaloishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na vingine linaishia chini ya A.

Mwekezaji atazame bei kabla ya kushangilia. Rupia hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola, lakini tofauti kati ya T na A ni ndogo, kwa kuwa wanunuzi wengi wanatafuta tembo na dhahabu. Hela 20 ya kawaida iliyochakaa huuzwa kwa makumi ya dola, si maelfu. Uchache bila mahitaji hautengenezi bei.

Hali kadhalika senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zenye tundu katikati na jina la Mfalme Edward VIII. Mfalme huyo hakumaliza mwaka kwenye kiti, na Uingereza kwenyewe sarafu zenye picha yake hazikuingia sokoni. Kwa hiyo wengi hudhani senti hizo ni lulu. Zilifuliwa kwa mamilioni. Herufi H au KN zilizoko juu yake ni alama za viwanda vya Heaton na Kings Norton vya Birmingham, wala si makosa.

Uingereza iliwahi kupata kosa kubwa zaidi mwaka 2008, pale mhuri wa zamani ulipounganishwa na mhuri mpya kwenye peni 20, sarafu zikatoka bila mwaka pande zote mbili. Inakadiriwa hazikuzidi 250,000. Habari ilipotoka mwaka 2009, wauzaji walitaja maelfu ya pauni. Baadaye bei ilitulia kwenye makumi ya pauni. Walionunua siku za kelele ndio waliobeba hasara.

Arusha ina zana

Jiji hili lina faida ambayo miji mingine haina. Madalali wa tanzanite wamezoea kioo kinachokuza mara kumi, mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu, na tabia ya kutoamini neno la muuzaji. Zana hizo hizo zinatosha kwa sarafu. Iongezwe sumaku: shilingi 50 na 100 zina kiini cha chuma kilichopakwa shaba ya njano. Shilingi 100 "nyeupe" inayonata kwenye sumaku, yenye picha zilizolika, mara nyingi ni sarafu iliyochubuliwa ngozi.

Gharama nazo zihesabiwe. Kupeleka sarafu moja kwa wakaguzi wa Marekani kama PCGS au NGC, pamoja na usafirishaji, ni makumi ya dola. Sarafu isiyoweza kuuzwa kwa zaidi ya hapo haina sababu ya kupanda ndege. Arusha haina mnada wa sarafu. Mnunuzi ni mtalii anayepita au mkusanyaji aliye mbali, na kupata fedha taslimu huweza kuchukua miezi. Sheria nayo ina neno: kuharibu sarafu ili ionekane ina kosa ni kujitafutia kesi, na sarafu za kale kama za Kilwa, zilizotengenezwa kabla ya 1863, zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Kwa hiyo kanuni inayofaa kwa mwenye mtaji mdogo ni moja: aokote kwenye chenji, asinunue. Sarafu iliyopatikana kwa thamani yake ya shilingi 100 haiwezi kumtia hasara, kwani makadirio yakishindwa itanunua kiberiti. Iliyonunuliwa kwa 20,000 itabaki na 100. Naye asijaze kopo zima kwa matumaini, maana shilingi iliyolala huliwa na mfumuko wa bei. Sarafu tatu au nne zilizopita mtihani wa ukucha, sumaku na mizani zinatosha kuanzia. Zilizobaki zirudi sokoni zikafanye kazi yake.