Kabla ya Kusema "Ni Mawazo", Tuguse Shingo

Safari hii hatuandiki juu ya mgao wala juu ya makaratasi ya kwenda ng'ambo. Tunaandika juu ya shingo.

Tuko na dada mmoja katika kwaya yetu. Jina tunaliacha, yeye mwenyewe ametukubalia tusimulie. Alikuwa msichana mcheshi, mwenye afya. Halafu akaanza kukonda. Chakula anakula, hata kutuzidi, lakini nguo zinamvuka. Mikono inatetemeka akishika kitabu cha nyimbo. Usiku halali, moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka hata asubuhi ya baridi. Alipoenda kliniki akaambiwa ni mawazo, eti vita aliyoiona Congo inamrudia. Akatumwa kwa mshauri nasaha, akaenda miezi mitano. Huku nyuma maneno yakaanza mtaani. Wengine walisema ana UKIMWI. Wengine, walipoona macho yamemtoka, wakasema amerogwa. Akaacha kuja kwaya. Na sisi, tukiri tu, tukaacha kumtembelea.

Aliyemsaidia ni muuguzi mmoja mgeni. Alimpa kikombe cha maji, akamwambia anyanyue kidevu kidogo kisha ameze. Alipomeza, uvimbe ukapanda na kushuka mbele ya shingo. Damu ikaenda kupimwa mjini. Haikuwa mawazo. Ilikuwa tezi.

Ndiyo maana tunasema: katika kambi neno "mawazo" limekuwa kapu la kutupia kila kitu. Hatukatai kwamba tuko na majeraha ya moyo. Tunayo, na washauri nasaha wametusaidia sana. Lakini mkimbizi naye ana mwili kama watu wengine, na mwili huo una tezi.

Basi tuielewe hiyo tezi. Inaitwa thairoidi. Inakaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, na ina umbo la kipepeo. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, joto liwe kiasi gani, chakula kiunguzwe haraka au polepole, akili iwe chapu au nzito.

Tezi haijiamulii yenyewe. Fikiria jiko la nyumbani. Bibi amekaa pembeni, anausikiliza moto. Akiona umefifia, anamnong'oneza mama. Mama anamwita mtoto: "Ongeza kuni!" Mtoto anaongeza. Moto ukikolea, bibi ananyamaza na mama ananyamaza. Katika mwili, bibi ni sehemu ya ubongo inayoitwa hipothalamasi. Mama ni tezi ndogo chini ya ubongo, pituitari. Sauti ya mama ni homoni inayoitwa TSH. Mtoto ni thairoidi, na moto ni T4 na T3. Homoni zikipungua katika damu, TSH inapanda. Zikizidi, TSH inashuka.

Ukielewa jiko hilo, hata karatasi ya maabara utaielewa. TSH ikiwa juu, mara nyingi maana yake tezi ni mvivu na mama anafoka. TSH ikiwa chini sana, mara nyingi moto umewaka kupita kiasi na mama amenyamaza kabisa.

Sasa shida zenyewe. Ya kwanza ni moto kufifia. Mtu anachoka bila kazi, anasikia baridi wakati wenzake wana joto, anaongezeka uzito, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, hedhi inakuwa nzito, anasahau, moyo unakuwa na huzuni. Katika nchi ambako chumvi ni nzuri, sababu kubwa ni ugonjwa wa Hashimoto: kinga ya mwili inakosea na kuipiga tezi yake yenyewe. Ya pili ni moto kuzidi, kama ya dada yetu. Sababu inayojulikana zaidi ni ugonjwa wa Graves. Hapo kinga ya mwili inaiga sauti ya TSH, kama jirani anayeiga sauti ya mama na kumwambia mtoto aongeze kuni mchana na usiku. Shida hizi zote mbili zinawapata wanawake mara nyingi kuliko wanaume.

Angalieni hizo dalili tena. Uchovu, huzuni, kusahau: mtu atasema ni sonona. Kukosa usingizi, kutetemeka, moyo kwenda mbio: mtu atasema ni hofu ya vita. Dalili ni karibu zilezile. Ndiyo sababu kosa ni rahisi kufanyika, na ndiyo sababu hatumlaumu mtu mmoja. Tunalaumu mazoea ya kutouliza swali la pili.

Shida ya tatu wazee wetu wanaijua vizuri: rovu. Wengi wetu tumetoka Kivu, na tumekua tukiona bibi zetu wakifunga kitambaa shingoni. Tuliambiwa ni mambo ya ukoo, au ni laana. Ukweli uko kwenye udongo. T4 na T3 zinatengenezwa kwa iodini, ile ambayo Tanzania wanaiita madini joto. T4 ina chembe nne za iodini, T3 ina tatu. Majina yametoka hapo. Iodini nyingi iko baharini. Kwetu milimani, mbali na bahari, mvua ya miaka na miaka imeiosha kutoka ardhini, kwa hiyo mazao yanakuwa nayo kidogo. Bila iodini mtoto hana kuni. Mama anafoka, anafoka, na tezi kwa kufokewa hivyo inavimba ikijaribu kufanya kazi. Hilo ndilo rovu.

Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kinajulikana na watafiti wa tezi duniani kote. Miaka ya 1960 na 1970 walikuta huko kwamba iodini ni haba kisiwa kizima, lakini rovu limejaa zaidi kaskazini kuliko kusini-magharibi. Tofauti waliyoiona ni muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwili ukiivunja unabaki na kitu kinachoitwa thayosayaneti, nacho kinazuia iodini kuingia kwenye tezi. Hapa hatusemi tuache bugali wala sombe, tutakula nini? Tunasema bibi zetu walikuwa na akili: kuroweka siku kadhaa, kuanika juani, kutwanga sombe na kuichemsha vya kutosha. Njaa ndiyo inatufanya turoweke siku moja tu na kukimbilia sufuria.

Mwenye kuumia zaidi ni mtoto tumboni. Miezi ya mwanzo ya mimba anategemea homoni za mama yake ili ubongo wake ujengeke. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mama mjamzito 250. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mchanga. Lakini kikikosekana sana, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na ulemavu wa akili, kimo kifupi, hata uziwi. Hayo hayaponi baadaye, lakini yanazuilika kwa chumvi ya bei ndogo.

Na hapa ndipo tunapotaka kusema na mashirika. Zamani mgao wa chakula ulikuja na chumvi yenye iodini ndani yake, gramu 5 kwa mtu kwa siku. Sasa sehemu nyingi tunapewa pesa badala ya chakula. Pesa ni nzuri, tunaipenda, inatupa uhuru. Lakini mama mwenye pesa kidogo ananunua chumvi ya kupimwa kwa kikombe, kutoka gunia lililofunguliwa, limekaa juani. Hajui ilitoka wapi. Hakuna aliyemwambia kwamba pamoja na chumvi ile ya mgao, iodini nayo imeondoka. Mnapogeuza chakula kuwa pesa, semeni pia habari ya chumvi, na pimeni chumvi ya sokoni.

Tunajua jibu litakalokuja: "Kambi iko na malaria, utapiamlo, kipindupindu. Kipimo cha TSH ni ghali." Ni kweli. Hatuombi kila mtu apimwe. Tunaomba vitu vitatu. Kwanza, mtu akija na uchovu au hofu isiyoisha, kabla ya kuandika "mawazo" mwangalieni shingo akimeza maji, mhesabuni mapigo ya moyo, mwulizeni habari ya baridi, joto, uzito na hedhi. Hayo ni ya bure. Pili, wale wachache wanaoonyesha dalili wapewe rufaa ya kupima TSH. Tatu, dawa isikatike. Levothairoksini, dawa ya tezi mvivu, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wengi wanaoianza wanaihitaji maisha yao yote. Mtu aliyeikimbia nyumba yake usiku hakubeba kopo la vidonge. Akifika kituo cha mapokezi, aulizwe alikuwa akitumia dawa gani.

Na sisi vijana tuna sehemu yetu, tusikae kunyooshea wengine kidole tu. Tununue chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina iodini, tuifunike, tuiweke mbali na jua na unyevu, tuitie chakula kikikaribia kuiva. Tusiongeze kiasi, chumvi nyingi inapandisha presha. Kinachotakiwa ni kuchagua iliyo sahihi. Na mtu asinywe dawa ya iodini ya kupaka vidonda, hiyo ni hatari. Hata iodini ikija ghafla kwa mtu mwenye rovu la siku nyingi inaweza kuwasha moto kupita kiasi. Huko Kivu miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipoenea, madaktari waliwaona wagonjwa wa namna hiyo. Hiyo haifanyi chumvi kuwa mbaya, ila mzee mwenye rovu akianza kukonda na kutetemeka, apelekwe hospitali.

Apelekwe haraka zaidi mwenye uvimbe mgumu unaokua upesi, au sauti inayokwaruza bila kupona, au shida ya kumeza na kupumua. Anayekunywa levothairoksini aimeze kwa maji kabla ya kula, angalau nusu saa kabla ya chai. Anayekunywa kabimazoli, dawa ya kupunguza moto, akipata homa na koo kuuma asingoje: arudi kliniki siku hiyohiyo apimwe damu, maana mara chache dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe. Na mwenye dawa yoyote ya tezi akipata mimba, asiache dawa peke yake. Aseme mapema.

Jambo la mwisho ndilo gumu kwetu. Tuache mdomo. Kukonda si lazima UKIMWI, na hata ingekuwa UKIMWI, mtu ni mtu. Macho kutoka si uchawi. Dada yetu alituambia kwamba moyo kwenda mbio aliuzoea, lakini kukaa peke yake Jumapili, akitusikia tukiimba kanisani bila yeye, hakukuzoea.

Sasa anakunywa dawa, mwezi wa nane huu. Uzito umerudi, mikono imetulia. Bado anaenda kwa mshauri nasaha, safari hii kwa kupenda, kwa sababu vita alivyoviona navyo ni vya kweli. Amerudi kwenye kwaya, sauti ya kwanza. Tulimwomba msamaha sote, tumesimama mbele yake, mmoja mmoja.

Leo jioni, kabla ya kulala, mpe mama yako au dada yako kikombe cha maji. Mwambie ameze, umwangalie shingo. Kisha mfungue mfuko wa chumvi, msome pamoja ulivyoandikwa.