Pima volti kabla ya kulaumu kontroli boksi

Mwandishi, makala yako kuhusu kodi P0562 imeruka hatua muhimu kuliko zote: kupima. Kodi hiyo inasema tu kwamba kontroli boksi (kompyuta ya injini) imeona volti ndogo; haisemi kwamba boksi hiyo ndiyo mbovu. Sisi Waafrika Mashariki tunaoendesha na kutengeneza magari hapa Riyadh tunaliona hili sana wakati wa kiangazi: gari limekwama kwenye foleni ya Olaya, joto limepita nyuzi 45, AC na feni zinakula umeme huku injini ikizunguka polepole. Na joto la hapa linaua betri upesi.

Anza na betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, mita isome karibu volti 12.6. Likiwaka, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.7, ingawa baadhi ya mapya hushusha chaji yenyewe makusudi, kwa hiyo usikimbilie kununua alteneta. Halafu pima athi (njia ya hasi), ambayo wengi huisahau: injini inaunguruma, taa na AC vimewashwa, ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa hasi wa kontroli boksi, soketi ikiwa imechomekwa. Ikizidi sana volti 0.1, tafuta kutu au boliti iliyolegea. Msasa na spana vinatosha.

Kontroli boksi mpya ni ghali, na mara nyingi lazima iprogramiwe ikubaliane na funguo. Ndugu zangu mnaotumwa gereji na waajiri, msikubali ibadilishwe kabla hamjaona namba za mita kwa macho yenu.