Ahadi ya Zanzibar Isikunyime Ziwa



Leo nina ugomvi, na nauanza bila kuzunguka. Nagombana na ile ahadi wanayopewa mabibi harusi wengi wa Geita, Kahama na Shinyanga: "Vumilia mke wangu, duara likitema nakupeleka Zanzibar."

Duara ni shimo la dhahabu, na kutema ni kutoa mali. Linaweza kutema kesho, linaweza lisiteme miaka kumi. Na siku linapotema kuna kiwanja, kuna madeni, kuna ndugu wanaosubiri, na Zanzibar inasogezwa mbele tena. Mke yuko ndani anangoja bahari. Watoto wanakua, na familia haijawahi kukaa pamoja juu ya mkeka nje ya ua wake hata siku moja.

Mimi mtu wa Unguja, sina sababu ya kufukuza wageni. Karibuni sana. Lakini nasema wazi: kisiwa chetu kimefanywa kisingizio. Mume akishakitaja anajiona ametimiza haki ya mwaka mzima. Mke naye akishakiota, anasema, "Huku kwetu hakuna pa kwenda."

Hakuna pa kwenda? Sisi tuna Nungwi, na Geita ina Nungwe yake, ghuba ya Ziwa Victoria ambako mgodi mkubwa huvuta maji. Mkoa huohuo una Rubondo, kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kuna tembo, twiga, na sokwe ambao wazee wao waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960. Mzungu anavuka dunia kuja kuwaona, na analipa kwa dola. Wewe raia unalipa kwa shilingi, kiingilio kidogo kuliko chake, na hujawahi hata kuuliza ni kiasi gani.

Kama Rubondo ni mbali, Mwanza je? Zamani ukitoka Geita ulikaa Busisi kungoja kivuko. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la JPM, kilomita 3 juu ya maji, na kuvuka kwenyewe ni starehe kwa watoto. Mjini Mwanza, boti inakufikisha Saanane kwa dakika chache tu. Kisesa kuna makumbusho ya Bujora, ambako mtoto wa Kisukuma anaziona ngoma za watemi wake. Na wewe wa Shinyanga na Kahama, maji ya ziwa yanakuja mpaka bombani kwako kutoka Ihelele. Maji yamesafiri kukufuata, wewe hujasafiri kuyaona!

Wako watakaosema mwanamume mwenye dini ana mambo makubwa kuliko matembezi. Nani alikuwa na mambo makubwa kuliko Mtume wetu (s.a.w.)? Naye alipiga kura baina ya wakeze kujua nani atafuatana naye safarini, na alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), safari moja akashindwa, nyingine akashinda. Hakungoja utajiri ili amfurahishe mkewe.

Wengine watasema stara. Stara ina njia zake. Nendeni asubuhi siku ya kazi, wakati watu ni wachache. Kodini boti ya familia peke yenu. Vaa baibui jepesi, beba mswala na udhu wako, panga safari kwa nyakati za sala. Mume anayeona ufukweni hapafai kwa mkewe, na yeye Jumapili yuko hukohuko na marafiki, hana hoja ya stara.

Ila ziwa lina adabu yake. Kila mtu avae jaketi la kuokolea kabla boti haijaondoka, na watoto wasiogelee kwenye magugu na maji yaliyotuama, maana kichocho kipo, na mamba wapo. Kutembea ufukweni na kula sato wa moto kunatosha.

Nawe bibi harusi ambaye hujafunga ndoa, sema sasa, kwa upole, kabla ya siku ya nikaha. Usiombe Zanzibar. Omba siku moja kila mwezi ya kutoka pamoja, kwa chochote kilichopo: chupa ya chai, maandazi, mkeka. Anayekubali hilo atakupeleka Unguja akijaaliwa. Anayelikataa, hata duara likitema utaisikia Zanzibar kwenye simu tu.

Sisi wenyewe wa Unguja, mahoteli ya pwani hatuyaingii kila siku. Sikukuu watoto tunawapeleka Mnazi Mmoja na Kariakoo, jioni tunakaa Forodhani tukipunga upepo. Furaha yetu iko hapo.

Ahadi ni deni, enyi waume. Lipeni kidogo kidogo, muanze na ziwa.

Allah azitie nyumba zetu mapenzi na huruma. Aamin.