Muhali haurudishi fedha: hundi yako ikitolewa na mwengine



Ndugu zangu katika imani, wiki hii baada ya darsa ya Magharibi hapa Fumba, mzee mmoja alinivuta pembeni. Anapeleka mchanga na mawe kwenye majumba yanayojengwa huku kwetu, na malipo makubwa huyafanya kwa hundi. Miezi minne nyuma alikwenda benki akakuta shilingi 3,000,000 zimetoka. Akauliza kalipwa nani. Alipotajiwa jina, akasema "haya, ahsanteni", akaondoka. Jina lilikuwa la mtoto wa dada yake, anayelala chumba cha uani. Kufungua kitabu cha hundi, karatasi moja ya katikati imechanwa.

Hakumwambia mtu. Anamwonea muhali dada yake. Sasa ananiuliza: "Sheikh, nisomeshe Halbadiri?"

Nilimjibu yeye, na leo nakujibu wewe unayesoma. Usiseme "mie sina kitabu cha hundi". Una namba ya siri ya simu, una kadi ya benki, na una watu ndani ya nyumba. Mas-ala ni hayo hayo.

Ndugu yangu, kwanza ujue haki yako. Katika sheria ya hundi tuliyoirithi kwa Waingereza, saini ya kughushi si saini. Benki ikilipa kwa saini ambayo hukuitia, kimsingi haikulipa kwa amri yako, na haina haki ya kukukata wewe. Lakini haki hiyo ina sharti: ukijua, sema. Ukinyamaza, unaweza kuipoteza.

Kuna kesi mashuhuri Uingereza, ya bwana mmoja aitwaye Greenwood na Martins Bank, iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mkewe alikuwa akighushi saini yake na kutoa fedha. Mume alipogundua, mke akamsihi asiseme benki, naye akanyamaza kwa miezi. Baadaye akaona kuwa hata sababu aliyopewa ilikuwa ya uongo, akasema sasa anakwenda kueleza. Mke akajiua. Bwana yule akaidai benki, mwishowe akashindwa katika mahakama ya juu kabisa. Kwa nini? Kwa sababu ukimya wake uliinyima benki nafasi ya kumdai mhusika angali hai. Tazama muhali ulivyomfikisha: mke hana, na fedha hana.

Sasa tuje kwenye dini yetu. Wako watakaosema kunyamaza ni subira. Hapana. Subira ni kuuzuia moyo na ulimi usivuke mipaka. Kuificha dhulma si subira. Katika Suratun Nisaa, Aya ya 135, Allah Subhanahu wa Taala ametuamrisha tusimamie uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili Yake, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Mtoto wa dada ameingia humo. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumnusuru ndugu yetu anapodhulumiwa na hata anapodhulumu. Alipoulizwa vipi utamnusuru dhalimu, akaeleza kuwa ni kumzuia na dhulma yake. Kijana akionja milioni tatu bila kuulizwa, kesho atafuata nini?

"Basi nisimsamehe, Sheikh?" Samehe, ukipenda, na malipo yako yapo kwa Mola wako. Lakini samehe kilicho chako. Hapa ndipo wengi tunapokosea, nami nasema bila kuzunguka.

Ukimsamehe mpwa wako, beba hasara wewe. Usiende benki ukasema "sijui nani kafanya" ili urudishiwe, kisha nyumbani ukajisifu una moyo mkunjufu. Huko ni kusamehe kwa mfuko wa mwenzako, na huenda karani wa watu akapoteza kazi kwa kosa la mwanao. Ukitaka kudai, dai kwa kusema kweli yote. Na kama fedha zile ni za mayatima, za kikundi au za msikiti, huna ruhusa ya kusamehe hata shilingi. Ile ni amana.

Tukumbuke pia kisa cha Sahaba Safwan bin Umayya. Aliibiwa nguo yake amelala msikitini. Mwizi akakamatwa, akafikishwa kwa Mtume (S.A.W.), hukumu ikatolewa, ndipo Safwan akataka kumwachia. Akaulizwa kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta. Msamaha una wakati wake. Kwa hiyo kaa na kijana na wazee wa pande zote mbili mapema, arudishe au aandikiwe deni kwa mashahidi. Lakini kuieleza benki kwamba saini si yako, hilo halingoji kikao cha familia.

Fanya hivi. Siku ile ile nenda kwenye tawi lako, waambie wazuie hundi zilizobaki. Andika barua, taja namba ya hundi, tarehe na kiasi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Omba kuiona hundi yenyewe. Ukiamua kushitaki, nenda polisi, kughushi ni jinai. Malalamiko anza na benki yako. Wasipokusikiliza, peleka Benki Kuu, nayo ina tawi hapa Zanzibar. Na kama hundi umeandikiwa wewe ikapotea kabla hujaipeleka, mwahi aliyekuandikia aizuie isilipwe.

Kuhusu Halbadiri, mzee wangu, dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Allah. Omba. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Wewe mwizi unamjua kwa jina na chumba chake unakijua, unamsomea nani? Unataka apatwe na balaa mtoto wa dada yako, na kumwita mkaongea unaona haya?

Alinyamaza, kisha akasema kesho atakwenda benki, na jioni atakwenda kwa dada yake. Tumwombee.

Nawe usiku huu kifungue kitabu chako, hesabu karatasi zote, na za katikati pia. Namba ya siri uliyompa mtoto akutumie fedha, ibadilishe.

Allah atuhifadhi na mali za haramu, atuongozee vizazi vyetu. Mfikishie na mwenzako. Wabillahi tawfiq.