Waya wa Ardhi ni wa Ploti Nzima

Wakazi wenzangu wa Nakuru, kuanzia Kaptembwa na Rhonda hadi Free Area na Kiamunyi, tuzungumze kuhusu stima tunayogawana.

Katika ploti ya kupangisha kila mtu ana mlango wake na tokeni zake. Lakini waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, mara nyingi ni mmoja: hupita vyumba vyote na kuishia kwenye fimbo iliyopigiliwa chini nje ya ukuta. Ukikatika pale kwenye fimbo, kisha hita ya shawa ivujishe stima chumba cha tatu, bati la friji la chumba cha saba nalo linaweza kumpiga mtoto. Katika ploti kama hiyo hakuna aliye salama peke yake.

Kosa jingine ni kuchanganya nyutro na waya wa ardhi. Nyutro ndiyo njia ya stima kurudi, kwa hiyo hubeba stima kila taa inapowaka. Waya wa ardhi haubebi kitu mpaka siku ya hitilafu. Mahali pa kuviunganisha ni upande wa msambazaji. Ndani ya kisanduku cha breka kila kimoja kina upau wake. Fundi anayeviunga kwa kipande cha waya nyuma ya soketi anatuachia mtego: nyutro ikikatika, hadi volti 240 zinaweza kuingia kwenye waya wa ardhi na kufika kwenye kila kifaa cha chuma.

Tusidanganywe na breka. Breka ya ampea 32 hulinda nyaya zisiungue. Miliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuua, na breka hiyo haitakata. Anayeguswa na stima huokolewa na swichi maalumu ya kukata stima inayovuja, ile yenye kitufe cha kujaribia.

Tena udongo wetu wa majivu ya volkano hupitisha maji upesi. Kiangazi cha Januari na Februari hukauka, na udongo mkavu haupokei stima vizuri. Fimbo fupi inayofaa wakati wa mvua huenda isifae wakati huo.

Basi wapangaji wa kila ploti tukutane na mwenye nyumba. Tudai fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na aionyeshe kabla ya kugusa kisanduku. Apime fimbo, atenganishe nyutro na waya wa ardhi, aweke swichi ya stima inayovuja pasipokuwa nayo, kisha atuachie vipimo kwa maandishi yaliyosainiwa. Kurekebisha ni jukumu la mwenye nyumba. Ada ya kupima tukilazimika tuichange, kama tunavyochangia chama. Tusifungue kisanduku wenyewe. Kila mwezi tubonyeze kile kitufe, na swichi isipokata, fundi aitwe siku hiyo hiyo.

Ploti ambayo haijapimwa, hita zake zisiwashwe.